Uzoefu wangu wa kuhesabu karata za blakjaki: hesabu ni nyepesi, meza ndizo zinazochosha

Mfumo ninaoutumia kwenye blakjaki, mchezo wa kasino wa kukaribia 21 bila kuzidi, ni Hi-Lo, kwenye meza za pakiti sita (karata 312) za Las Vegas na Atlantic City. Wanaosema lazima uwe na kichwa cha ajabu wanatia chumvi. Ikitoka 2 hadi 6 unaongeza moja. 7, 8 na 9 unaziacha. 10, jeki, kwini, kingi na ree unapunguza moja. Hesabu ikipanda, maana yake karata kubwa zimebaki nyingi, na hizo zinakufaa wewe. Ukipitia pakiti moja nzima lazima urudi sifuri, usiporudi kuna karata imekupita. Jipime mpaka umalize 52 chini ya sekunde 30. Usihesabu mojamoja: kingi na 5 zikilala pamoja zimefutana, jicho lipite.

Kazi inaanza kwenye kugawanya hesabu kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Ukiwa na +8 na pakiti nne bado hazijagawiwa, hesabu yako halisi ni +2 tu. Zikibaki mbili, +8 hiyohiyo inakuwa +4. Wengi wanapandisha dau kwa kuiona +8, wakati faida bado ni nyembamba. Makadirio ya pakiti zilizobaki yanatoka kwenye rundo la karata zilizotumika: ujue kwa macho unene wa pakiti moja, mbili, mbili na nusu. Kila +1 halisi inakuongezea faida ya takriban asilimia 0.5 ya dau, na kwa kuwa kasino inaanza mbele yako kwa karibu kiasi hichohicho hata ukicheza kila mkono kwa usahihi, +1 inakufikisha sare tu. Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji ana blakjaki, usiiguse kabla ya +3.

Sasa meza zenyewe. Kabla ya kukaa, soma maandishi ya kitambaani. Meza inayolipa blakjaki (ree pamoja na 10, jeki, kwini au kingi) 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2 inakupa dola 30 badala ya 37.50 kwa dau la dola 25, na blakjaki huja kama mara moja katika mikono 21. Hapo umepoteza takriban asilimia 1.4, yaani zaidi ya yote uliyotarajia kuyapata kwa kuhesabu. Ondoka. Meza yenye mashine ya kuchanga inayorudishiwa karata kila mzunguko nayo ondoka, kwani hesabu haipati nafasi ya kupanda. Michezo ya mtandaoni inayochanga upya kila mkono, vivyo hivyo.

Halafu angalia karata ya plastiki ya kukatia, ambayo ikifikiwa karata zinachangwa upya. Ikiwekwa pakiti moja na nusu kutoka mwisho, meza inafaa. Ikiwekwa mbili au zaidi, mgawaji anachanga upya palepale hesabu inapoanza kuwa na maana. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu hutalijua mpaka karata zikatwe.

Na hata meza ikiwa nzuri, pesa haiji kwa mpangilio. Chukua mikono 100 ya dola 25 na faida ya asilimia 1, ambayo ni ukarimu mtupu: unatarajia dola 25, lakini matokeo yanayumba kwa takriban dola 290 juu au chini. Itakubidi ucheze mikono kama 13,000 ndipo faida ilingane na huko kuyumba. Kwa mikono 80 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa 160. Mtu wa wikiendi anaweza kucheza bila kosa mwaka mzima akamaliza na hasara.

Nevada, jimbo la Las Vegas, kuhesabu kwa kichwa si kosa, ila kutumia kifaa ni jinai, na kasino ina haki ya kukukatalia mchezo. Atlantic City ni tofauti: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya New Jersey ya 1982, kasino haiwezi kukufukuza kwa sababu tu unahesabu. Lakini inaruhusiwa kuchanga karata mapema. Unapandisha dau kwenye +4, mgawaji anakusanya karata zote, na wewe unarudi sifuri.