Mwaka na nusu nalipwa na YouTube nikiwa Moshi, mrejesho wangu

Kila nikishuka Mbuyuni kununua ndizi lazima nikutane na mtu ananiuliza, hivi dada ile YouTube inalipa kweli au mnatudanganya? Inalipa, mi nimelipwa, ila inavyolipa sio vile watu wanavyodhani na hapo ndo wengi wanapopotelea. Leo naandika yote ninayoyajua baada ya kuwa kwenye huo mpango wao wa kulipa wenye chaneli kwa mwaka na nusu, nikiwa hapa hapa Rau na simu moja na stendi ya elfu ishirini na tano.

Chaneli yetu ni ya mapishi. Anayepika ni mama, mi nashika simu na kuediti. Mtori, kiburu, machalari, ng'ande, vyakula vya nyumbani tu.

Kuingia kwenyewe kwanza. Ili uanze kupata mgao wa matangazo unatakiwa uwe na sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, au kama we ni mtu wa Shorts, zile video fupi, basi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukisikia mtu wa zamani anakuambia enzi zao ilikuwa rahisi hajakudanganya, haya masharti ya 1,000 na 4,000 yamekuja 2018, mwaka mmoja kabla yake ilikuwa ukifikisha kutazamwa mara 10,000 tangu ufungue chaneli unaruhusiwa kuomba. Sabskraiba kwetu hawakusumbua kabisa, ndugu, wanakwaya, watu wa jumuiya, wanafunzi wenzangu wa zamani, kila mtu akabonyeza. Masaa ndo yalitutoa jasho. Piga hesabu, masaa 4,000 ni dakika 240,000, kama kila anayefungua video yako anakaa dakika 3 tu kisha anaondoka unahitaji ifunguliwe mara 80,000. Na ndugu zako wanabonyeza kusabskraibu kwa upendo lakini kukaa kutazama dakika kumi na bando lake mwenyewe hiyo ni habari nyingine jamani.

Sasa hapa niseme kitu ambacho kwangu ndo kimebadilisha kila kitu. Kuna app inaitwa YouTube Studio, ni ya bure, ndani yake kila video ina grafu inayoonyesha watu wanaondoka sekunde ya ngapi. Video zangu za mwanzo zote grafu inaanza juu halafu inaporomoka kama mtu ameanguka kwenye ngazi, ikifika sekunde ya 40 zaidi ya nusu ya watu washaondoka. Nikawa sielewi. Nikamuonyesha mama, akaangalia video tu, grafu hakuijali, akaniambia "mwanangu unaongea sana, mtu ana njaa we unamsalimia". Kweli kabisa, sekunde 40 zote nilikuwa nawakaribisha wapenzi wangu kwenye chaneli yetu pendwa wasisahau kubonyeza kengele. Nikazitoa salamu zote. Video ya mtori iliyofuata inaanza na mikono ya mama tu, anachukua mafuta ya kula kidogo anajipaka viganjani mpaka kwenye vidole ndo anashika ndizi mshare anamenya, sababu utomvu wa ndizi ukikauka mkononi hautoki hata usugue na nini. Hakuna maneno, unasikia kisu na ganda likidondoka kwenye beseni. Pale kwenye mafuta grafu badala ya kushuka imepanda, ina kinundu kabisa, maana watu walikuwa wanarudisha nyuma kuangalia tena. Ile video peke yake ilitupa masaa zaidi ya 1,300. Kwa hiyo mtu akiniuliza niwekeze kwenye kamera namwambia hapana, kaa na hiyo grafu kwanza.

Kabla ya hiyo video lakini nilishakata tamaa nikafanya kosa. Nilisikia kuna kijana Arusha anauza masaa na sabskraiba, nikapanda Coaster nikamfuata, ana ofisi ndogo nyuma ya duka la nguo, jina silitaji. Nikampa elfu themanini. Wiki ya kwanza namba zinapanda unafurahi, wiki ya tatu zikaanza kufutika zenyewe, maana YouTube wana mfumo wa kutambua watazamaji wa uongo na wanawatoa, na ukiendelea na huo mchezo unaweza ukanyimwa mpango mzima. Kumpigia simu akasema sasa dada nipe imeili na neno la siri niingie mwenyewe nikutengenezee na AdSense, ile akaunti ya Google ambayo hela ya YouTube inapitia. Hapo nikakataa. Namshukuru Mungu nilikataa kwa sababu kuna binti mwingine wa hapa mjini alikubali, AdSense ikafunguliwa kwa jina la mtu mwingine, na hela ya AdSense inakwenda kwa mwenye jina, basi. Amefanya kazi miezi mitano bila kuona shilingi. Inaniuma mpaka leo nikimkumbuka. Nyie mnaoanza nawaomba, imeili yako, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, akaunti yako ya benki. Mtu akufundishe sawa, asikuingilie.

Ukishafikisha unaomba, wanaikagua chaneli, kawaida ndani ya mwezi wanajibu. Wanachoangalia sana ni kama vitu ni vya kwako. Mdogo wangu anayekaa Sakina, Arusha, chaneli yake ilikuwa ya kuunganisha vipande vya video za watu wengine za Mlima Kilimanjaro na kuweka muziki juu, walimkatalia wakaandika maudhui yametumiwa tena, akasubiri siku 30 ndo aombe tena. Safari hii alienda mwenyewe geti la Marangu akaongea na wapagazi, akapita.

Muziki nao muwe makini. Kuna mfumo wao unaitwa Content ID unasikiliza kila unachopandisha, ukiweka kipande cha wimbo wa msanii mwenye wimbo anaweza kuchukua hela yote ya matangazo ya video yako, hata kama kipande ni sekunde 15. Sisi tuliacha muziki kabisa, sauti ya kitunguu kikiingia kwenye mafuta inatosha.

Haya hela sasa. Kwa video ndefu wewe unachukua asilimia 55 ya hela ya matangazo, wao 45. Kwa Shorts ni tofauti, hela ya matangazo inakusanywa kwenye fungu moja halafu fungu la waandaaji linagawanywa kufuatana na kutazamwa, na katika sehemu iliyokuangukia wewe unabaki na asilimia 45. Huo utaratibu ulianza Februari 2023. Kwa mtu wa saizi yangu Shorts hazina hela ya maana, zinaleta wageni tu. Video ikifika dakika 8 unaruhusiwa kuweka matangazo katikati, ndo maana mtori wetu hauishi dakika 5, ila msivute video bila sababu maana mtaiona kwenye grafu.

Na hapa ndo watu hawaniamini. Mtori ulitazamwa mara 41,000 ukaleta dola 52. Ng'ande ilitazamwa mara 46,000, yaani zaidi, ikaleta dola 19. Kwa nini? Watazamaji wa ng'ande wengi wako hapa hapa nchini, na mtori umetazamwa sana na wadada wetu walioko Uingereza, Marekani na Ujerumani ambao wamejifungua na hawana mama karibu wa kuwapikia, wanaandika kwenye komenti hapa nitumie ndizi gani hizi mshare hazipo. Mtangazaji wa kule anamlipia mtazamaji hela kubwa kuliko mtangazaji wa huku. Hivyo ukiona mtu anakuambia YouTube inalipa kiasi fulani kwa kila watazamaji elfu muulize watazamaji wa wapi na mwezi gani. Mwezi nao una maneno, kuanzia Oktoba mpaka Desemba makampuni yanamwaga hela za matangazo kwa ajili ya sikukuu na hela inapanda, ikiingia Januari inashuka ghafla, usije ukadhani umefanyiwa kitu. Bahati nzuri kwetu Desemba ndo Wachagga wote wako nyumbani, migombani kumejaa watu, kila nyumba ina tukio la kurekodi, kwa hiyo tunarekodi kama wehu.

Kodi, muisome hii vizuri. Ndani ya AdSense kuna fomu ya kodi ya Marekani, kwa mtu binafsi wa huku ni W-8BEN. Ukiijaza, kinachokatwa ni kwenye ile hela iliyotokana na watazamaji wa Marekani tu, na kwa sisi ni asilimia 30 kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa kodi na wao. Usipoijaza wanaweza wakakata mpaka asilimia 24 ya hela yako yote ya dunia nzima. Ni dakika ishirini za kujaza. Jaza.

Halafu barua. Ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya kawaida kabisa ya posta, ya karatasi, ndani ina PIN ya kuthibitisha anwani yako. Mi mara ya kwanza niliandika anwani yangu Rau, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Barua itafikaje? Nikaisubiri wiki saba haijaja, nikaomba nyingine nikaandika S.L.P. ya shule anayofundisha shemeji. Siku shemeji ananipigia kwamba kuna bahasha ya nje nilikuwa naosha vyombo, niliviacha hapo hapo nikachukua boda. Ni kikaratasi kidogo cheupe kimekunjwa, unachana pembeni tatu kinafunguka, na namba zako ziko katikati. Nilizisoma kwa sauti kama mara nne. Mkikosa S.L.P. yenu ombeni ya ofisi au parokia kabla hamjafika hizo dola 10, msingoje, maana ikipita miezi minne tangu PIN ya kwanza bila kuithibitisha wanasimamisha matangazo.

Hela yenyewe inatoka ukifikisha dola 100, mwezi mwingine usipofika inabaki inasubiri. Mapato ya mwezi yanajumlishwa mwezi unaofuata na wanatuma kati ya tarehe 21 na 26, kwangu inaingia kwenye akaunti ya benki. Ya kwanza ilikuwa dola 104 na senti, miezi minne ya kujikusanya, benki ikakata chao cha kupokea hela ya nje ikabaki kama laki mbili na nusu. Mama alinunua sufuria kubwa yenye mfuniko na mfuko wa mchele, nyingine akaweka kwenye kikoba.

Tangu hapo kuna miezi tunapata na kuna miezi hatufiki 100. Ndo maana nasema ukweli, kwa chaneli ndogo ya Kiswahili matangazo peke yake hayalipi kodi ya nyumba. Kinachotubeba ni vitu vinavyokuja kwa mgongo wa chaneli. Duka moja la vyombo mjini lilitupa laki moja na nusu na sufuria tupikie humo, tukatiki pale YouTube wanapotaka useme kwamba video ina tangazo la kulipiwa, hiyo ni lazima msiifiche. Mama sasa anaitwa kupika mtori kwenye nyumba za wadada waliojifungua, kuna wiki amepikia nyumba mbili. Hiyo hela inakuja kwenye simu siku ile ile.

TikTok tunaweka vipande vifupi ila ule mpango wao wa kulipa kwa kutazamwa ni wa nchi chache, Marekani, Uingereza, Ujerumani, Japani na wengine kidogo, sisi hatumo. Naitumia kuwavuta watu waje YouTube basi.

Na kama unataka kufanya habari au kuendesha kama televisheni ya mtandaoni, pita TCRA kwanza, ile mamlaka ya mawasiliano, kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimerekebishwa, ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, waulize wewe unaangukia wapi.

Kwa ujumla naipa nyota 4 kati ya 5. Asilimia 55 naiona ya haki, maana matangazo wanayatafuta wao na mimi sijawahi kumpigia mtangazaji simu, na kila senti naiona kwenye Studio imetoka video gani. Hiyo nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya Shorts. Wiki ijayo tunapika kiburu, mama ameshasema maharage anachagua mwenyewe na mimi niandae taa, kwa hiyo mwenye swali la ile fomu ya kodi aniulize kabla ya Jumamosi.