Kamera ya kukuzia ya "1600X" toka Kariakoo, nimeijaribu kwenye mifupa ya samaki ya mtoni

Hii ni ile hadubini ndogo nyeusi ya kuchomeka kwenye simu, ina taa nane kuzunguka mdomo wa lenzi na kijistendi cha chuma, boksi limeandikwa 1600X kwa maandishi makubwa. Kariakoo wanaanzia elfu 45, ukibana unaitoa kwa 38. Kazi niliyoitakia mimi sio ya wengi. Nasimamia ujenzi huku Bunju, mchanga wetu ni wa Mto Mpiji, mafundi wakichekecha kwenye wavu zinabaki kokoto, makonokono na mifupa, na mingine myeusi tii, mizito, ukiigonganisha inalia ting. "Ya samaki tu hiyo bosi." Sawa ya samaki, ila samaki gani na wa lini, maana kuna mifupa ya mwaka juzi na kuna iliyogeuka jiwe kabisa.

Tuanze na uongo wa boksi. Weka rula chini ya lenzi, zungusha mpaka picha itulie, hesabu milimita ngapi zimeingia kwenye skrini. Kwangu ni moja na nusu hivi, skrini ya simu ina sentimita 14, piga hesabu mwenyewe inakuja mara 90 na ushee. 1600 sijui wameitoa wapi aisee. Stendi nayo ni majanga, ukigusa meza tu picha inaruka, na taa ukiziwasha zote mfupa wenye mng'ao unageuka weupe mtupu huoni kitu, punguza kwa ile gurudumu ya kwenye waya au zima kabisa utumie mwanga wa dirishani kutokea ubavuni, hapo ndo mikwaruzo na vinundu vinatokeza.

Ila kuna kitu kimoja inafanya vizuri kinoma, nayo ni matundu. Mfupa uliovunjika ukiutazama pale palipokatika, ule wa juzi matundu yake yako wazi, una mwonekano wa sponji, ule uliogeuka jiwe matundu yamejaa madini, kumeziba. Rangi usiiamini hata kidogo, weusi unatokana na chuma na manganizi za kwenye tope, mfupa wa miaka michache tu unaweza kuwa mweusi kuliko wa kale. Halafu kuna kipimo cha bure kabisa, sindano ya moto, gusa mahali pasipoonekana, ukisikia harufu ya nywele zinaungua bado kuna nyama nyama ya mfupa ndani, huo sio jiwe. Mingi ya kwangu ilinuka, ikabaki michache migumu isiyonuka.

Sasa kwenye swali la samaki gani, hapo kamera imeniangusha na kilichonisaidia ni lenzi ya sonara ya mara 10, elfu 8 tu, inaingia mfukoni. Mfupa unatambulika kwa umbo zima, na kamera inakuonyesha kipande kidogo mno mpaka unasahau umeshika nini. Pingili ya uti wa mgongo wa samaki kwa kawaida imebonyea pande zote mbili, ndani ya bonde kuna miduara miduara ya ukuaji, kwa lenzi ya sonara unaiona yote kwa mpigo. Pingili ya nyoka au mamba iko tofauti, upande mmoja shimo upande wa pili umetokeza. Kambale ndo rahisi kuliko wote, mfupa wa juu wa kichwa una vinundu vinundu vya kukwaruza, na ule mwiba wa pezi la ubavuni una shina la ajabu lililojikunja, ndo linalojifunga ukimkamata usiweze kuulaza. Mwiba wa hongwe, yule kambale wa baharini, unafanana na wake, sasa Mpiji inamwaga baharini hapo hapo jirani kwa hiyo wa maji chumvi usimtoe kwenye hesabu. Nenda soko la samaki la Feri kaombe vichwa na miiba, chemsha, safisha, weka pembeni ya ulichookota. Na kuna mfupa mmoja mviringo umevimba unasema huu lazima jiwe, samaki wa jamii ya kolekole wanayo hiyo wakiwa hai, mifupa yao mingine inavimba yenyewe.

Kingine, mtoni usitegemee kile kilichopatikana Mahenge ya Singida (sio ya Ulanga), kule samaki wako wazima wamelala kwenye tabaka za mwamba, ziwa la zamani la kwenye kreta, miaka kama milioni 46, wamo ndugu wa hawa perege tunaokula. Mto unavunja, unachanganya wa leo na wa zamani kwenye fungu moja, kwa hiyo lenzi yoyote hata ya milioni haikupi umri. Andika tu umeokota wapi. Na ukiona umepata kitu kweli usianze kutafuta mteja, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inagusa mpaka mabaki ya wanyama yaliyogeuka mawe, pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert.

Kwa mifupa naipa nyota mbili na nusu, hiyo nusu ni ya matundu. Kama hela ni ya kitu kimoja chukua ya sonara, chenji nunua samaki. Yangu iko kwa mdogo wangu fundi simu Sinza, anaangalizia solda za kwenye bodi na huko inapiga kazi vizuri tu, nikimuuliza lini anarudisha ananiambia kaka we si una mifupa yako.