Steshenari ya karibu na stendi, Moshi: fomu za kujiunga kidato cha tano

Uchapaji wao ni safi, hauna michirizi, na foleni inakwenda. Shida ni faili la fomu za mwaka jana ambalo bado limo kwenye kompyuta yao. Shule zinaweza kubadilisha maelekezo msimu hadi msimu: rangi ya sketi, aina ya viatu, orodha ya vifaa. Ukipewa nakala ya zamani utashona sare mara mbili! Waambie wapakue upya kwenye tovuti ya TAMISEMI (ofisi ya serikali ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kisha kagua tarehe na Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu) juu ya ukurasa wa kwanza kabla hujalipa. Hesabu kurasa pia. Fomu ya daktari mara nyingi iko mwishoni, ndiyo wanayoiruka. Maelekezo yakikutatiza, mpigie mkuu wa shule, namba yake imo humo humo. Mhudumu wa kaunta atakubahatishia tu.