Pampu ya umeme ya Facet kwenye Beetle: ni nzuri, ila usiifunge nyuma

Kwa Volkswagen Beetle ya kabureta yenye umeme wa volti 12, Facet ile ya kiboksi ya psi (kipimo cha presha) 1.5 hadi 4 ni chaguo zuri. Lawama nyingi inazobebeshwa, kama gari kuzima kwenye foleni au kugoma kuwaka likiwa la moto, chanzo chake ni mahali ilipofungwa.

Ndani yake hakuna mota. Umeme huvuta pistoni ndogo, kisha springi huirudisha na kusukuma petroli. Kwa hiyo presha inatoka kwenye springi, haipandi na mbio za injini, na kabureta ikijaa pistoni hupunguza mwendo yenyewe. Isikilize tu: tak, tak ya polepole maana yake mafuta yamejaa. Ikikimbia bila kutulia gari likiwa sailensa, yaani limewaka bila kukanyagwa mafuta, inavuta hewa au tangi limekauka.

Pampu hii ni hodari wa kusukuma na mvivu wa kuvuta. Mafundi wengi huiweka nyuma, kwenye chumba cha injini, kwa sababu mipira ya pampu ya zamani, ile inayosukumwa na injini, tayari iko pale. Sasa inalazimika kuvuta petroli kutoka tangi la mbele, urefu wote wa gari. Kuvuta kunashusha presha ndani ya bomba, na presha ikishuka petroli huchemka mapema. Jumlisha na joto la injini ya kupozwa kwa upepo, hasa dakika zile za baada ya kuzima ambapo feni imesimama, pampu inabaki kutafuna mvuke.

Mahali pake ni mbele, chini ya gari, nyuma ya ekseli, kati ya mpira unaotoka tangini na bomba la chuma linaloingia kwenye handaki la katikati ya sakafu. Ikae chini ya usawa wa kitako cha tangi ili petroli iifikie kwa uzito wake. Tundu la kutolea lielekee juu, mshazari wa nyuzi 45 hivi, ili viputo vya hewa vipate pa kupitia. Isikaribie vyuma vya usukani wala isining'inie mahali pa kupigwa na mawe. Ndani ya buti la mbele pana nafasi na pakavu, lakini ikivuja pale harufu na mvuke vinaishia kwa abiria.

Filta iwe kabla ya pampu, ya wavu wenye matundu makubwa kiasi. Ya karatasi laini inaibana. Nipeli (midomo ya pampu inayovishwa mpira) zikiwa za milimita 8, mpira wa Beetle ni mwembamba kuliko hizo. Tumia kiungio cha kupunguzia. Kukaza klempu hadi ikate mpira hakutibu kitu, na upande wa kuvuta tundu dogo halivujishi petroli, linaingiza hewa. Raba chini ya pampu zinapunguza kelele, ila zinakata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Pampu ya waya mmoja hupata ethi kupitia sikio lake la kufungia, basi peleka waya kutoka hapo hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Pampu ya zamani inatoka kwa nati mbili za spana namba 13. Toa na kijiti chake cha kusukumia, kisha ziba tundu kwa bamba na gasketi, la sivyo oili itamwagika.

Umeme ndio sehemu wanayoipuuza wengi. Kuunganisha moja kwa moja na swichi ya ufunguo, hata ukiweka fyuzi ya ampea 5, hakutoshi. Kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta ya Beetle kimeshindiliwa tu, na kikizeeka huchomoka. Pampu ya zamani husimama injini ikizima. Hii itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Weka swichi ya presha ya oili inayofunga mzunguko presha ikiwepo. Ile ya taa ya dashibodi hufanya kinyume, haifai. Ongeza waya kutoka upande wa stata ili pampu ifanye kazi wakati wa kupiga selfu.

Kabla ya kuridhika, chomoa mpira wa kabureta injini ikiwa ya baridi na uelekeze kwenye chupa. Chini ya nusu lita kwa dakika, kuna mahali pamebana. Ukipima presha ikazidi psi 3.5, nidili ya kabureta, kile kisindano kinachofunga petroli, inaweza kushindwa kuzuia, gari likaanza kunuka petroli na kutoa moshi mweusi. Hapo funga regyuleta ya kupunguza presha.

Kama pampu ya asili bado ni nzima, hakuna haraka ya kununua hii. Dalili ya kuchoka kwake ni oili inayonuka petroli na kupanda kwenye kijiti cha kupimia: diaframu, ngozi ya raba iliyo ndani ya pampu, imepasuka na inamwaga mafuta ndani ya injini. Mwaga oili hiyo kabla ya kuwasha tena.