GIMP 3.0: ya bure ila sio ya kitoto

Jamani wale wa kutengeneza posta na kadi za harusi bila hela ya kulipia programu kila mwezi, GIMP 3.0, programu ya bure ya kuhariri picha, ilitoka Machi 2025 na aisee kazi imefanyika. Kubwa kuliko yote ni filta (madoido ya picha), zamani ukishablari bakgraundi ukafunga faili ndo basi tena, sasa hivi filta inakaa kwenye leya (tabaka la picha) na kialama cha fx, unakibofya unapunguza au unaizima kabisa, hata ukifungua kesho bado ipo (ila seivu kwa XCF, faili la GIMP yenyewe, sio JPG, msije mkanilaumu). Leya nyingi unazichagua kwa mpigo, maandishi yana autilaini yake (mstari wa kuzunguka herufi), PSD, yaani mafaili ya Photoshop, nazo zinafunguka vizuri kuliko mwanzo.

Kinachokera? Plagini (viprogramu vya nyongeza) za vesheni ya zamani ya 2.10 hazikubali humu mpaka aliyeziandika azirekebishe, na kuchora duara tu bado unazungushwa. Sapoti ni watu wa kujitolea, hamna namba ya kupiga, ukiuliza taja vesheni yako na weka skrinshoti, ukiandika tu "haifanyi kazi nisaidieni" utasubiri sana. Mi naipa nne kwa tano.