Return of the Street Fighter (1974): Chiba yupo, hadithi hakuna

Nampenda sana Sonny Chiba na filamu za kareti alizoichezea kampuni ya Toei, ndiyo maana sehemu hii ya pili ya The Street Fighter imeniuma. Nimeitazama kwenye seti ya diski zenye sehemu zote tatu, mara tu baada ya kumaliza ya kwanza.

Ya kwanza ilitoka Japani Februari 1974. Hii ikafuata Aprili mwaka huohuo. Mwongozaji ni yuleyule, Shigehiro Ozawa, na stelingi ni yuleyule, Takuma Tsurugi, mpiganaji wa kukodiwa asiye na huruma, anayechezwa na Chiba. Muda ndio haukuwepo, na pengo limezibwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka filamu ya kwanza. Vipande vingi mno! Filamu yenyewe haifiki saa moja na nusu, halafu hadithi inasimama ili uoneshwe mambo uliyokwisha kuyaona.

Na hadithi yenyewe ilikuwa nzuri. Tsurugi anatakiwa kumuua Masaoka, mwalimu wa kareti aliyewahi kumzidi nguvu. Anakataa, na waliomkodi wanamgeukia. Katili huyu ana jambo moja ambalo hawezi kulifanya. Nilitaka sana kujua linamtesaje moyoni. Sikupata. Wanaletwa wauaji tu, akianguka huyu anakuja yule.

Kilichoniudhi zaidi ni Junjo, adui wa Tsurugi. Katika filamu ya kwanza Tsurugi anakodiwa na ndugu za Junjo amnusuru asinyongwe, kisha wanashindwa kumlipa: mdogo wake wa kiume anakufa, wa kike anauzwa. Ndiyo maana pambano lao la melini, mvua ikinyesha, lilikuwa zito vile, na Tsurugi alipomnyofoa koo kwa mkono nilijua yamekwisha. Tumezoea kwamba stelingi hafi. Hapa aliyegoma kufa ni adui! Junjo anarudi na kifaa cha kusemea kooni. Masashi Ishibashi anamcheza kwa chuki ya kweli, simlaumu hata kidogo, lakini kile kifo kikishafutwa, na filamu ya kwanza inapungua nguvu.

Chiba mwenyewe hajapungua. Alifundishwa Kyokushin, mtindo wa kareti wa kupigana kwa mapigo halisi, na mwanzilishi wake Masutatsu Oyama, na unaiona katika anavyovuta pumzi na kukaza mwili kabla hajapiga. Kuna pigo moja la kisogoni linalomtoa mtu macho. Huo ndio ukali ulioifanya filamu ya kwanza ipewe daraja la X, yaani la watu wazima tu, kule Marekani. Muziki wa Toshiaki Tsushima nao bado unasisimua.

Naipa nyota mbili kati ya tano, zote za Chiba. Usiinunue peke yake. Ukimaliza ya kwanza na bado una hamu, tafuta Sister Street Fighter, ya mwaka huohuo wa 1974: Etsuko Shihomi ndiye stelingi, Chiba yumo kama msaidizi, na mateke ya yule binti yana kasi ambayo hapa niliitafuta bila kuipata.