Mtungi wa ruzuku au presha kuka ya umeme: kipi kinafaa Nyanda za Juu Kusini?

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu suala hilohilo. Hotuba tumezisikia. Hapa tunapima kile ambacho ahadi hiyo imefikisha jikoni: mtungi wa gesi wa kilo 6 unaouzwa kwa nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Tumeuweka kando ya presha kuka ya umeme, ambayo wengi huinunua dukani kwa bei kamili.

Kipimo ni maharage.

Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Kitulo, kwenye mita 2,600, ni kama 91. Ndiyo maana maharage makavu yasiyolowekwa hukaa motoni saa mbili na nusu, hata tatu. Kuongeza moto hakusaidii kitu: maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanakauka tu.

Sasa piga hesabu. Kichomeo cha kilowati 2 kikifunguliwa chote kinakula kama gramu 150 kwa saa, yaani mtungi una saa 40 hivi za moto mkali. Kwa chai, ugali, mboga na mayai ni raha tupu: moto uko tayari papo hapo, sufuria haina masizi, macho hayawashi. Lakini pika maharage au makande mara tatu kwa wiki, na hata ukipunguza moto, nusu ya mtungi imeondoka kwa mwezi kwa chakula hicho peke yake. Ruzuku ilikuwa ya kununua mtungi. Kujaza ni bei ya soko, na kwa aliye kijijini ongeza nauli. Mtungi ukiisha katikati ya mwezi, mkaa unarudi. Mpango mzuri umekatikia hapo.

Kasoro ya pili ni baridi. Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia sifuri. Isitoshe, mtungi hujipoza wenyewe gesi inapotoka. Asubuhi ya Juni au Julai huko Makete au Njombe, moto unanywea wakati ndani bado kuna gesi, hasa mtungi ukikaribia kuisha, kwa sababu propani hutangulia kutoka. Usiutikise wala kuulaza, na usiusogeze karibu na makaa hata kidogo. Badala yake uweke wima kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, moto utaamka.

Dukani, pima kabla ya kulipa: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma, ongeza kilo 6. Angalia pete ya mpira mdomoni mwa valvu. Ikipasuka au ikikosekana, gesi inavuja pale kichomeo kinapoungwa na mtungi. Paka povu la sabuni, mapovu yakivimba funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, kwa hiyo fungua mlango kwanza, kiberiti baadaye.

Presha kuka ya umeme haijali mwinuko. Mvuke uliobanwa hupandisha joto la maji kupita nyuzi 110, na nusu kilo ya maharage inaiva kwa saa moja au pungufu, kwa takriban nusu uniti. Kwa mteja wa kawaida, uniti moja ikiwa shilingi 356, hiyo haifiki shilingi 200. Kwa aliye kwenye D1, daraja la bei nafuu la wanaotumia umeme kidogo, uniti ikiwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ni kama shilingi 60. Mkaa haushindani hapo.

Tatizo ni ukomo wa D1: uniti 75 kwa mwezi. Taa, televisheni, pasi, kisha presha kuka, bado unapumua. Ongeza hita ya kuchemshia maji ya kuoga, ambayo ndoo ya lita 10 tu inakula nusu uniti, na utahamishwa daraja. Yaani anayetii wito wa kupikia umeme ndiye anayekaribia kupandishiwa bei!

Matunzo: maharage yasipite nusu ya sufuria, maana maganda na povu huziba tundu la mvuke. Futa sufuria chini ikauke kabla ya kuirudisha. Mpira wa mfuniko ukilegea mvuke unapita pembeni na presha haipandi, kwa hiyo nunua wa akiba siku hiyohiyo. Jiko la wati 1,000 lisichomekwe kwenye ekstensheni nyembamba.

Hakuna hata kimoja kinachopasha nyumba joto. Makete watu hupikia kuni na kuota papo hapo, na kazi hiyo ya pili mtungi hauifanyi.

Kama umeme wako ni wa uhakika, anza na presha kuka. Mtungi uwe wa chai na wa siku umeme ukikatika. Wanaopanga ruzuku wangeweka nusu ya fedha hizo kwenye presha kuka na kuinua ule ukomo wa uniti 75, maharage ya Mbeya yangeiva bila mkaa.